Wifi, lugha ataipata tu, marafiki ndo kazi

Wifi yangu, swali lako kwenye grupu la familia nimeliona tangu juzi, na majibu ya watu nimeyaona, shangazi kasema watoto hawana tabu, wiki mbili tu ashazoea, na wewe ukaweka emoji za makofi ukaridhika, mie nikanyamaza maana nilikuwa kwenye basi na sikutaka kujibu juu juu. Uliuliza kwamba kaka ameshapata kazi Stavanger, huku Norway, mnamfuata mwakani, mwanenu atakuwa na miaka mitatu na nusu, je huko chekechea atapata wenzie wa kucheza nao au atakaa mpweke. Sasa leo nimetulia nakujibu, kama mama ambaye nimepita hapo na binti yangu, mwaka wa pili huu hapa Bergen.

Lugha ataipata. Hilo usilikeshee kabisa. Ila ukisikia mtu anasema mtoto akishajua lugha bas na marafiki kapata, usimwamini, hivyo ni vitu viwili na kimoja hakileti kingine.

Binti yangu alivyoanza, miezi mitano hakutoa neno pale chekechea. Mitano wifi. Nyumbani chiriku, anaongea mpaka usingizini, akivuka lile geti mdomo unafungwa. Alikuwa anaelewa, akiambiwa vaa buti anavaa, lakini haongei, mpaka mwalimu akaniuliza kwa upole kama nyumbani huwa anaongea. Nikalia siku hiyo njia nzima. Baadae kwenye kliniki ya miaka minne yule nesi akanielewesha kuwa watoto wengi wanaotupwa kwenye lugha ngeni wanapitia kipindi hicho, wanasikiliza kwanza, wanakusanya, na akanisisitiza nyumbani niendelee na Kiswahili changu, nisiingize Kinorwe changu kibovu kumchanganya. Nakuomba na wewe ushike hilo, kwa sababu kuna Watanzania wenzetu watakwambia uache Kiswahili ili mtoto aende haraka. Usikubali.

Maana chekechea yenyewe, wao wanaita barnehage, ni nzuri, sisemi uongo. Wanachukua mtoto kuanzia mwaka mmoja mpaka mwaka anaotimiza sita ndo anaenda shule. Bei serikali imeiwekea kikomo, toka Agosti 2025 mzazi halipi zaidi ya kroner 1,200 kwa mwezi, chakula ndo kinaweza kuongezeka juu yake. Sheria inataka mtu mzima mmoja kwa watoto sita wa kuanzia miaka mitatu, na kwa wale wadogo zaidi mmoja kwa watatu. Na wako nje kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na hapa Bergen inanyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, kwa hiyo utajua kufua nguo za mvua kabla hujajua kusalimia majirani.

Na huko nje ndo urafiki unapopatikana, na ndo unapokosekana.

Nilikuwa nafika kumchukua saa tisa na nusu, namkuta pembeni ya kibanda cha baiskeli na koti lake la njano, ndoo mkononi, anawaangalia wasichana watatu wanaocheza ndani ya kile kijumba cha mbao. Hachezi. Anaangalia tu, ndoo imejaa maji ya mvua. Kila siku pale pale. Akishapata lugha kidogo akajifunza kuuliza, får jeg være med, yaani naweza kucheza na nyie, ni sentensi walimu wanawafundisha wote, kila mtoto wa hapa anaijua. Akaenda akauliza vizuri kabisa. Wakamjibu nei, yaani hapana. Kesho yake akauliza tena, nei. Mie kwetu Tanga sijawahi kuona mtoto anaomba ruhusa ya kucheza, unatoka uani unawakuta wenzio wanapika mchanga kwenye vifuu unachuchumaa na wewe, nani akuulize? Sikuwa hata na namna ya kumwelekeza, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kutafuta rafiki nilivyokuwa na umri ule, walikuwepo tu.

Alafu likaja la mwanasesere. Nakwambia hili kwa sababu umesema nisikufiche. Walikuwa wanacheza mama na watoto, binti yangu akamnyanyua mwanasesere mmoja ambebe, mwenzie akamwambia huwezi kuwa mama yake, huyu mweupe. Sikuambiwa na mwalimu, nimeambiwa na mwanangu, bafuni, namsugua mgongo, akanigeukia akaniuliza mama, mtoto akiwa mweupe mimi siwezi kumbeba? Nikamjibu unaweza, unaweza kabisa, nikamsugua huku machozi yananitoka nikasingizia sabuni. Yule mwenzie ana miaka minne, simlaumu, alikuwa anasema anachokiona. Lakini kesho yake niliyemweleza pale chekechea aliniambia ni utoto tu watasahau, na hapo nilikasirika wifi, kwa sababu wangu hakusahau, wiki nzima hakugusa mwanasesere.

Nikaomba kikao. Hapa nataka unisikilize vizuri, maana sisi tunaona aibu kumsumbua mwalimu, tunaogopa tutaonekana wakorofi, wageni wasio na shukrani. Kuna sheria, imeanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2021, inasema chekechea haitakiwi kuvumilia mtoto kutengwa, kuonewa au kubaguliwa, mfanyakazi akijua lazima achukue hatua, na mtoto akiwa hana amani pale wanatakiwa waandike mpango, kwenye karatasi, watafanya nini na lini. Sikuijua hiyo sheria, nimeambiwa na jirani yangu Msomali aliyezaliwa Mombasa, yeye ana watoto watatu wamepita humo humo. Nikaenda nikasema nataka mpango ulioandikwa. Nilisema kwa adabu, sauti inatetemeka, na mkuu wa chekechea alinisikiliza, akaomba radhi, na wakaandika.

Walichofanya ni kitu kidogo mno mpaka nilishangaa. Kila Jumanne na Alhamisi wakawa wanawachukua watoto wale wale watatu, wangu na wawili wengine, wanakaa nao chumba kidogo na mwalimu mmoja anacheza nao, labda nusu saa. Watoto wachache, wale wale, kila wiki. Mwalimu huyo huyo ndo aliyenifungua macho kuhusu ile sentensi ya kuomba. Akasema mtoto akiuliza naweza kucheza, jibu rahisi kwa wenzie ni hapana, maana mchezo wao wameshaupanga na wanaona mgeni atauharibu. Anayeingia vizuri ni yule anayesimama kwanza akaelewa wanacheza nini, halafu anakuja na kitu cha kuongezea. Kama wanacheza duka, aje kama mteja. Kama wanacheza nyumba, awe mgeni kabisha hodi.

Bas jioni mie na yeye sakafuni jikoni tukawa tunafanya mazoezi. Mie nakuwa na duka, yeye anakuja. Hodi hodi. Nina njaa, mna nini leo? Tumefanya hivyo wiki nzima nadhani, kwa Kiswahili, kisha baba yake anamalizia kwa Kinorwe.

Sasa siku moja nimefika mapema, nikabaki getini asinione. Alikuwa kachuchumaa kwenye mchanga uliolowa, peke yake, anafinyanga vidonge vya mviringo anavipanga kwenye ubao, anafinyanga anapanga, kwa utulivu kabisa. Akaja mmoja wa wale wa kijumba, akauliza hivi ni nini. Wangu akajibu, na niliisikia mwenyewe, mandasi. Mandasi ni nini? Akamwambia, unanunua, majani mawili. Yule akakimbia kutafuta majani, akarudi na wenzie wawili, wakapanga foleni. Nilikaa getini pale dakika kumi mvua inaninyeshea, sikutaka kumwita.

Usidhani ndo ikaisha hapo. Kwa watoto wa umri huo leo ni rafiki kesho si rafiki, wote weusi kwa weupe. Na upande wa pili ni sisi wazazi. Hapa mtoto hatoki kwenda kugonga mlango wa jirani, mchezo baada ya chekechea unapangwa kwa meseji, siku na saa, na usipopanga wewe mtoto wako anakaa ndani. Nilisubiri nialikwe, miezi ikapita. Kumbe na wao walikuwa wananiogopa, mama mmoja alikuja kuniambia hakujua kama tunakula vyakula vyao. Nikajikaza nikamwandikia mimi kwanza, Jumamosi saa tano, saa mbili tu za kucheza. Walikuja saa tano kamili.

Birthday ndo usilete mchezo. Chekechea nyingi zina utaratibu kwamba ukialika, unaalika wasichana wote wa kundi au watoto wote, huchagui. Mwaliko una saa ya kuanza na ya kuisha, unajibu unakuja au huji, unafika na zawadi ndogo, mkubwa anaondoka anarudi kumchukua. Tulikosa ya kwanza kwa sababu ujumbe ulikuwa kwenye aplikesheni sikuielewa, na Jumatatu yake wote walikuwa wanaongelea keki isipokuwa wangu. Kwa hiyo ukifika, hiyo aplikesheni mwambie mtu akuelekeze wiki ya kwanza.

Rafiki yake wa damu lakini si Mnorwe. Ni mtoto wa Kikongo, wazazi wake wametoka Kivu wakapita kambini Uganda kabla ya kuletwa huku. Siku walivyogundua kwamba wote wanasema maji, walishikana mikono hawakuachana. Wangu sasa ananiambia mama niko nakula, na aksanti, baba yake anataka kumsahihisha, nimemkataza. Kuna mfanyakazi alinidokeza kwamba wakiwa pamoja sana Kinorwe kitachelewa. Mie nimeona kinyume, tangu ampate huyo anaamka asubuhi anataka kwenda, na akiwa na furaha ndo anaongea na kila mtu, kwa lugha yoyote.

Kwa hiyo jibu langu, njooni. Ila miezi ya kwanza usichukue kazi ya kutwa kama mnaweza kujibana, kwenye zile siku za kumzoesha kaa naye chumbani usikimbie, wajue wazazi wenzio kwa majina. Na mfundishe kuanzia sasa kuvaa buti na suruali mwenyewe, maana anayechelewa kuvaa anakuta wenzie nje wameshagawana kila kitu.

Nguo za mvua usinunue huko, hazitafaa. Zile za binti yangu za mwaka jana zimembana, nimeziosha ziko kwenye boksi, niambie tu urefu wake nikuwekee, na kama kuna nafasi kwenye begi naomba vifuu viwili vitatu.