Mvumo wa ekzosi: usirudishe sailensa bado
Umetoa sailensa kwenye V8 (injini ya silinda nane), sasa kabini inavuma injini ikifika mizunguko 2,500 kwa dakika. Bomba la X, kiungo kinachokutanisha mabomba mawili ya ekzosi, halitaondoa hilo. Lenyewe huchanganya mipigo ya pande mbili, mlio ukawa mwembamba zaidi. Ili kuukata mvumo, chomelea tawi la pembeni lenye kipenyo sawa na bomba kuu, mwisho umezibwa; urefu wake uwe robo ya wimbi la mvumo huo. V8 hulipua mara 4 kila mzunguko: 2,500 × 4 ÷ 60, yaani hezi 167. Kwenye gesi ya nyuzi 300 za Selsiasi sauti hukimbia takriban mita 480 kwa sekunde; gawa kwa 4 × 167 (4 hii ni ya robo ya wimbi), unapata sentimita 72. Anzia hapo, usizidishe. Gesi iliyotuama tawini hupoa na mwendo wa sauti hupungua, hivyo utafupisha kidogokidogo, ukijaribu kwa kifuniko cha muda. Ukikata mno, unaanza upya.