Tumepima wote tuko poa, sasa kondomu ya nini?

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 24, niko na mpenzi wangu huu mwezi wa nne. Wiki ya pili tu tulienda kupima ngoma, wote tukawa poa, tukaendelea na kondomu. Sasa wiki iliyopita ilipasuka (tulipaka mafuta ya mwili maana nilikuwa mkavu) na yeye ndo kapata sababu, anasema tuiache tu, nikikataa eti simwamini. Dalili sina hata moja. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo iliyopasuka. Mafuta ya mwili, losheni, hata ya kupikia, yanaharibu mpira wa kondomu ndani ya dakika chache tu. Famasi kuna vilainishi vya maji, tumieni hivyo, na mwambie asikukimbize, akuandae kwanza. Wala asije akakwambia avae mbili, zinasuguana zinachanika.

Haya, kipimo. Kile kiliwajibu kuhusu VVU peke yake, na kipimo cha haraka cha damu kinatafuta askari wa mwili ambao wanaweza kuchukua mpaka miezi 3 kuonekana, kwa hiyo ile wiki ya pili mlipimwa maisha ya kabla hamjajuana na hata hayo si yote. Kisonono, kaswende, klamidia, homa ya ini B, hivyo hamjapima kabisa! Halafu unaniambia huna dalili, hapo ndo naogopa zaidi, maana klamidia kwa wanawake wengi inakaa kimya, inapanda mpaka kwenye mirija ya uzazi, mtu anakuja kushtuka miaka imepita anatafuta mtoto hapati, na ni ugonjwa unaotibika kwa vidonge tu jamani, inaniuma sana.

Nendeni wote wawili. Klamidia na kisonono wanaangalia kwenye mkojo au ute wa ukeni, kaswende na homa ya ini ni damu. Akikutwa mmoja na klamidia, kisonono au kaswende, mtibiwe wote, la sivyo mtaambukizana tena. Dawa za kubahatisha usimeze, kisonono kimeshakuwa sugu kwa dawa nyingi.

VVU mrudie miezi 3 baada ya siku ile ya kupasuka. Mlikuwa na masaa 72 ya kuwahi PEP, zile dawa za kuzuia VVU zinazomezwa siku 28, ila barua yako imenifikia muda umeshapita. Ikitokea tena usikae kuniandikia, wahi hospitali siku hiyo hiyo.

Na hilo la kutomwamini, mwambie hata mtu mwaminifu anaweza kuwa na ugonjwa wa zamani asioujua, humtuhumu. Kondomu ibaki mpaka majibu yote yarudi. Akigoma kupima na kondomu pia hataki, mwili ni wako mwanangu, usimpe.