Ratiba ya mitihani imetoka: hesabu nafasi kati ya karatasi kabla ya kugawa masomo

Mdogo wangu, umeuliza ugawe vipi wiki nne zilizobaki kwa masomo sita, ukatuwekea na mpango wako: Jumatatu Hisabati, Jumanne Kiswahili, Jumatano Historia, hivyo hivyo mpaka Jumamosi. Hiyo ni ratiba ya vipindi vya darasani uliyoihamishia nyumbani. Kila somo limepata siku moja kwa wiki, wakati kwenye mitihani yenyewe kuna somo lenye siku tatu nzima kabla yake na jingine halina hata mchana mmoja. Weka huo mpango kando, urudi kwenye ratiba ya mitihani.

Isome kwa kalamu. Hakikisha kwanza ni toleo la mwisho, si rasimu, kwa kutazama tarehe ya kutolewa. Kisha andika mstari mmoja kwa kila karatasi, si kwa kila somo: tarehe, saa ya kuanza, muda wa mtihani, chumba. Hisabati ya kwanza na ya pili ni mitihani miwili, na mara nyingi hazibebi mada zilezile. Mitihani ya vitendo huwa na jedwali lake pembeni na aghalabu hutangulia ile ya kuandika, kwa hiyo ulizia kama hujaiona. Saa nazo zina mtego. Ikiandikwa 14:00, toa sita, ni saa nane mchana. Ikiandikwa 2:00 bila neno asubuhi wala mchana, usibahatishe, uliza, maana inaweza kuwa saa mbili asubuhi au saa nane mchana. Ukikuta karatasi zako mbili zimegongana, mwambie mwalimu anayeshughulikia mitihani siku hiyohiyo. Asubuhi ya mtihani hakuna wa kukusaidia.

Sasa hesabu nusu-siku. Asubuhi ni moja, mchana ni nyingine. Usiku usiutie kwenye hesabu, huo ni wa kupitia vidokezo vichache na kulala. Kwa ratiba uliyoiweka: Jumatatu asubuhi Hisabati ya kwanza, mchana wake Kiswahili, Jumanne asubuhi Historia, Jumatano asubuhi Biolojia, Alhamisi asubuhi Hisabati ya pili, Ijumaa asubuhi Kemia, halafu kimya mpaka Jumanne asubuhi, Fizikia. Kabla ya Kiswahili una nusu-siku sifuri. Kabla ya Historia pia sifuri, kwa kuwa Jumatatu imejaa yote. Biolojia, Hisabati ya pili na Kemia zina moja moja. Fizikia ina saba: Ijumaa mchana, kisha mbilimbili za Jumamosi, Jumapili na Jumatatu.

Namba hizo ndizo zinazogawa wiki zako nne. Somo lenye sifuri lazima liwe limeiva kabla mitihani haijaanza. Wengi huteleza hapa: wikiendi ya mwisho wote wanakesha na Hisabati kwa sababu ndiyo ya kwanza, halafu Jumatatu jioni wanafungua daftari la Historia vichwa vimechoka. Wikiendi ile ni ya karatasi tatu, si moja. Kiswahili na Historia zipate Jumamosi, Hisabati ipate Jumapili asubuhi, na mchana upumzike.

Fizikia ndiyo unayoweza kuipunguzia sasa, ila kwa sharti moja. Zile nusu-siku saba ni za kurudia na kufanya mitihani iliyopita, si za kujifunza mada mpya. Kama kuna mada hujaielewa kabisa, iingize kwenye wiki hizi nne, maana siku za mitihani huna mwalimu wa kumkimbilia kirahisi na ubongo tayari umeshabeba mengi.

Tuje kwenye kiasi. Kipindi kimoja kiwe dakika 45 za kazi na 10 za mapumziko. Siku za shule panga viwili, Jumamosi vitano, na Jumapili iache wazi kwa yale yaliyobaki nyuma. Hiyo ni 15 kwa wiki, 60 kwa wiki nne. Kata sehemu ya tano kabisa, kwa ajili ya ugonjwa, wageni, umeme na uvivu, zinabaki 48. Mimi ningezigawa hivi: Hisabati 12 kwa kuwa ina karatasi mbili, Historia 10, Biolojia 8, Kiswahili 7, Kemia 7, Fizikia 4. Kama wewe ni dhaifu zaidi Kemia, hamisha viwili au vitatu kutoka unakojiweza. Mpango wa saa kumi kwa siku unapendeza ukutani, lakini kwa kawaida siku ya tatu tu umeshavunjika, na ukishavunjika mwenye nao huuacha wote.

Udhaifu usiupime kwa hisia. Chukua mtihani mmoja uliopita wa kila somo, jibu bila daftari, sahihisha kwa ukali, kisha orodhesha mada na mbele ya kila moja andika: naweza, nayumba, siwezi. Vipindi vingi viende kwenye "nayumba", kwani huko alama hupatikana haraka. Wanafunzi hupenda kurudia wanayoyaweza kwa sababu yanawapa raha, na raha hiyo haina alama mpya.

Ndani ya kipindi, kusoma tena na tena ndiyo njia dhaifu. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu mara mbili na waliosoma mara moja kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo funga daftari, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, fungua, jaza mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Mada ya leo irudie keshokutwa kwa dakika kumi, kisha wiki ijayo.

Wiki ya mwisho fanya karatasi nzima huku ukipima muda kwa saa, na ufanye hesabu ya dakika kwanza. Karatasi ya saa tatu yenye alama 100 ina dakika 180. Toa 15 za kusoma maswali na kukagua, zinabaki 165, yaani kama dakika 1.65 kwa alama. Swali la alama 15 lina dakika 25 tu. Zikiisha, acha nafasi, nenda swali lingine. Anayeng'ang'ania swali moja kwa dakika 40 ameshakula muda wa alama tisa za maswali mengine.

Jumatatu yako yenye karatasi mbili, mkitoka asubuhi usikae kwenye kundi la kulinganisha majibu. Kula, tembea kidogo, pitia ukurasa mmoja wa vidokezo vya Kiswahili ulioandaa mapema, basi.

Na ukichelewa, maana utachelewa mahali fulani, usifidie kwa kukesha. Punguza mada. Pitia mitihani kadhaa ya nyuma na uone mada ipi hutokea kwa nadra na kwa alama chache. Hiyo ndiyo ya kufuta, hata kama unaipenda. Mada ngumu inayotokea kila mwaka ibaki kwenye mpango, hata ukiipata nusu tu.