Konveta ya stoli kubwa: piga hesabu kabla hujanunua

Nikikutana na mtu aliyefunga tabo (turbo) kubwa kwenye Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ na bado anatumia gia boksi ya otomatiki, malalamiko huwa ni yale yale: gari linatoka zito kwenye taa, likishachanganya ndipo linavuta. Ushauri anaopewa kijiweni nao ni mmoja tu, atafute toko konveta ya stoli kubwa. Si ushauri mbaya, ila ukiufuata bila hesabu unaua gia boksi.

Toko konveta inaunganisha injini na gia boksi kwa oili. Upande mmoja unazungushwa na injini na kuisukuma oili, upande wa pili unaipokea na kuzungusha gia boksi. Gari likiwa limesimama, gia iko D, umekanyaga breki na mafuta kwa pamoja, mzunguko wa injini utapanda hadi mahali fulani kisha ugome kupanda zaidi. Mzunguko huo ndio stoli. Hapo ndipo konveta nayo inazidisha torki, yaani nguvu ya kuzungusha, kuliko wakati mwingine wowote, karibu mara mbili kwa konveta nyingi, na faida hiyo inapungua kadiri gari linavyochanganya. Kwa hiyo unataka stoli iangukie pale injini inapoanza kuwa na nguvu.

1JZ-GTE, yaani 1JZ ya tabo, ya VVT-i (inayobadilisha muda wa kufunguka valvu), iliyoanza 1996, inatoa torki yake ya juu, 378 Nm, kwenye 2,400 rpm (mizunguko kwa dakika) tu. Ile ya zamani yenye tabo mbili ilitoa 363 Nm, lakini hadi ufike 4,800. Ndiyo maana VVT-i ambayo haijaguswa haikuombi konveta nyingine, usitupe hela. Ukitoa tabo ya kiwandani ukaweka inayoamka 3,500, mambo yanageuka. Kule chini injini haina upepo wa tabo, na konveta ile ile inaishikilia mahali ambapo hakuna nguvu.

Hapa ndipo wengi wanapotea: wanadhani namba ya stoli imechongwa kwenye chuma. Stoli inafuata torki ya injini inayoisukuma, na inapanda takriban kwa kipeuo cha pili cha torki hiyo. Chukua konveta inayogoma 2,800 nyuma ya injini inayotoa 300 Nm. Ifunge kwenye injini ya 450 Nm: gawanya 450 kwa 300 upate 1.5, kipeuo chake ni kama 1.22, na stoli yako sasa ni karibu 3,400. Kwenye gari la tabo jambo hili linatokea ukiwa bado kwenye breki. Injini inagoma chini, tabo inaanza kujaza, torki inaongezeka, stoli inapanda yenyewe. Ukiagiza konveta ya 3,500 ukitumaini itabaki hapo, siku tabo imejaa itakimbilia zaidi ya 4,000 na gari litakuwa linapiga kelele kuliko linavyosogea.

Kwa gari la kwendea kazini, langu nililifungia ya 2,800 na sijatamani zaidi.

Tazama pia mwendo wa kawaida. Tairi la 225/45 R17 lina mzingo wa karibu mita 2. Kwa 80 km/h, difu yenye uwiano wa 3.9 na gia ya nne yenye uwiano wa 0.705, injini inazunguka kama 1,840 rpm. Huko uko chini kabisa ya stoli, na kinachokuokoa ni klachi ya ndani ya konveta, ile inayofunga pande mbili zizunguke pamoja. Kuna konveta za mashindano ambazo hazina klachi hiyo. Kwa barabarani usiziguse hata ukipewa bure.

Na klachi hiyo haifungi ukiwa mwendo mdogo. Fikiria foleni ya Morogoro Road jioni, au unapanda Kitonga nyuma ya lori la mzigo, 20 km/h, mguu uko kwenye mafuta muda wote. Mtelezo wote wa konveta unageuka kuwa joto ndani ya oili. Mimi napenda kuiona oili ikikaa karibu na 80°C. Ikivuka 120 inaanza kuungua, na ukichomoa kijiti cha kupimia oili utaikuta nyeusi na harufu ya kuungua. Ndiyo maana nasema kula (cooler), yaani kipozeo cha oili ya gia boksi, kubwa na mahali penye upepo, inunuliwe kabla ya konveta, pamoja na geji ya joto. Bajeti ikitosha kitu kimoja tu, nunua kula.

Kabla ya yote, pima stoli uliyonayo. Oili iwe imepata joto, weka vizuizi kwenye magurudumu yote manne, hendibreki juu, breki mpaka mwisho, watu wakae mbali mbele na nyuma. Kanyaga mafuta, soma namba, achia. Isizidi sekunde 5, kisha acha gari lingurume sailensa, bila kukanyaga mafuta, kwenye N oili ipoe. Namba ikiwa chini sana ya ile ya kiwandani, injini ni dhaifu au stata ya konveta (stator, kipande cha ndani kinachoielekeza oili) imekufa, na konveta kubwa haitatibu injini mbovu.

Ukizungumza na muuzaji, usimtajie stoli unayoitaka. Mpe uzito wa gari, difu, saizi ya tairi na karatasi ya dyno (mashine ya kupima nguvu ya injini), kisha muulize namba anayokupa ameipima kwa torki kiasi gani. Asipojibu hilo, tafuta mwingine.

Siku ya kufunga, simama na fundi. Konveta imiminiwe oili kwanza, kisha isukumwe huku ikizungushwa mpaka iingie kwenye pampu. Gia boksi ikishakaa kwenye injini, lazima kibaki kinafasi cha milimita chache kabla ya kukaza bolti za konveta. Kisipokuwepo, haijaingia sawasawa, na bolti zikivutwa hivyo pampu inavunjika. Mwambie ashushe tena.