Muulize Dokta wa Meno: Ganzi imegoma, nivumilie?

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na neno moja, ganzi. Nimechagua tano, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa makusudi kwasababu nikiwa kazini nakutana na hadithi kama hiyo kila wiki.

Swali: Dokta shikamoo. Nipo Tabata, nina miaka 27. Mwaka jana niling'olewa gego la chini kushoto, shavu lilikuwa limevimba. Nikachomwa sindano ya kwanza, ya pili, bado nasikia, nikasema dokta naumia, nikaambiwa vumilia kidogo dada linatoka sasa hivi. Nililia mpaka nesi akanishika mikono. Sasa gego la upande wa pili limetoboka, usiku silali, lakini nikikumbuka kile kiti tumbo linanikata. Hivi kuna watu ganzi haiwashiki?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, hukutakiwa kupitia hayo. Naanza na hili ili hata ukiishia hapa uwe umelipata: ukisema unaumia, daktari anatakiwa asimame. Hakuna jino la kung'olewa kwa kuvumilia, dawa zipo na njia za kuongeza ganzi zipo.

Sasa kwanini ilikugomea. Meno ya juu yana mfupa laini wenye vitundu vitundu, ukichoma dawa kwenye fizi jirani na mzizi inapenya yenyewe mpaka kwenye jino, dakika mbili tatu kazi imeisha. Mfupa wa taya la chini kwa magego ni mgumu, dawa haipiti, kwahiyo inabidi tuufuate mshipa wa fahamu kule nyuma kabisa ndani ya taya kabla haujaingia kwenye mfupa, ndio maana unaambiwa panua mdomo sanaa na sindano unaisikia inaenda mbali kule karibu na koo. Ile sehemu daktari haioni kwa macho, anapima kwa kidole na kwa alama za mdomoni, na taya za watu hazifanani, kwahiyo kukosa shabaha mara ya kwanza ni jambo la kawaida hata kwa mtu mwenye mkono mzuri. Ikikosa inarudiwa, juu kidogo au nyuma kidogo.

Halafu kuna muda. Sindano ya taya la chini inataka dakika tatu mpaka tano, wengine kumi. Kliniki ikiwa na foleni mpaka nje, haraka inaingia. Dalili kwamba imeshika ni nusu ya mdomo wa chini, upande ule ule, kuwa mzito, ukiugusa kwa kidole unahisi kama mdomo wa mtu mwingine, na ubaridi ubaridi unaishia katikati ya kidevu kabisa kama mtu kachora mstari. Kama mdomo haujafa hivyo, gego la chini lisiguswe. Na hata mdomo ukifa ganzi, mimi kabla sijashika koleo nachukua kile kichuma chembamba chenye ncha nakididimiza kwenye fizi pande zote mbili za jino, ya shavuni na ya ulimini, huku namuangalia mgonjwa machoni, maana wengi wanasema sijasikia huku kope zinaruka. Fizi ya upande wa shavu kwenye magego ya chini ina mshipa wake tofauti, inataka kasindano kake kadogo. Wakati mwingine hako tu ndiko kalikosahauliwa.

La tatu, na nadhani ndilo lililokupata wewe, ni lile shavu lililovimba. Penye usaha nyama inakuwa na asidi, na kwenye asidi dawa ya ganzi inashindwa kupenya ukuta wa mshipa wa fahamu, inabaki nje. Juu ya hapo mshipa wenyewe umeshachokozwa siku nyingi, unashtuka kwa kitu kidogo. Sio kwamba damu yako ni kali wala sio kwamba ganzi haikushiki maisha yako yote, ni jino lililosubiriwa mpaka likaoza hadi chini. Kwahiyo hili la sasa hivi usilingoje livimbe! Na nyie wengine mnaosoma, msikae nyumbani mnameza vidonge vya kununua dukani mkisubiri uvimbe ushuke ndio mwende. Usaha unatakiwa kutolewa, na uvimbe ukishuka chini ya kidevu, kumeza kukawa shida, au mdomo haufunguki vizuri na homa juu, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku.

Kitu kimoja uende ukijua: ganzi inazuia maumivu, haizuii kuhisi unasukumwa. Utahisi taya linasukumwa, utasikia mlio kama kijiti kinavunjika, hiyo sio hitilafu. Ila kikikuchoma kitu chenye makali, inua mkono wa kushoto. Kabla hata ya kukaa mwambie daktari, "mwaka jana ganzi ilinigomea upande wa pili, naomba tukubaliane nikiinua mkono unasimama." Daktari mzuri hatakasirika, atashukuru, maana atajipanga mapema kwa dawa ya kuongeza au kuchoma kasindano pembeni ya jino lenyewe. Akikasirika, nyanyuka uende kwingine. Na ule kwanza, chai na mkate inatosha, wengi wanaozimia kwenye kiti ni njaa na woga, wanadhani ni dawa.

Swali: Dokta, mtoto wangu ana miaka 5, juzi alizibwa jino la chini akachomwa ganzi, tumerudi nyumbani vizuri, jioni mdomo umevimba na ndani kuna kidonda cheupe kama usaha. Baba yake anasema sindano ilikuwa chafu, anataka kwenda kugombana pale kliniki. Mama, Mbagala.

Jibu: Mama, kabla baba hajaenda, mfungue mtoto mdomo muangalie kile kidonda kimekaa wapi. Kama kipo ndani ya mdomo wa chini upande uliochomwa, pale pale meno ya juu yanapogusa, basi amejitafuna mwenyewe. Mtoto akisikia mdomo umekuwa kama mpira anaona ni mchezo, anauvuta, anaung'ata, haumi, anaendelea. Jino lenyewe ganzi yake inaisha kama baada ya saa moja, lakini mdomo na ulimi vinabaki vimekufa saa tatu mpaka tano, na hapo ndipo ajali inapotokea, mara nyingi kwenye daladala mnarudi.

Ule weupe kwa kawaida sio usaha, ni utando wa kidonda kinachopona. Mpe maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo asukutue kama anaweza kutema, mpake mafuta ya mgando mdomoni, panadol ya watoto kwa kipimo cha uzito wake, chakula kisiwe na pilipili wala ndimu. Wiki moja mpaka mbili kimefunga. Uvimbe ukizidi kukua baada ya siku mbili tatu au homa ikija, mrudishe. Na kweli kliniki ilitakiwa ikwambie haya kabla hamjatoka mlangoni, hilo baba anaweza kuwauliza kwa upole. Siku nyingine omba kipande cha pamba akiume mpaka mdomo urudi, asile chochote, na umkalishe karibu umuone.

Naongeza moja ambayo hukuuliza. Mtoto apimwe uzito kabla ya ganzi. Lidokeini, yaani hiyo dawa ya ganzi tunayochoma, kwa mtoto tunahesabu isizidi miligramu 4.4 kwa kila kilo, kile kichupa kidogo cha kioo cha mililita 1.8 kina miligramu 36, kwahiyo mtoto wa kilo 15 mwisho wake ni miligramu 66, hata vichupa viwili havifiki. Kwa mtu mzima ni vigumu kufika kiwango cha hatari kwa jino moja, kwa mtoto mdogo sio vigumu hata kidogo. Mzazi kuuliza "umempima kilo?" sio ujeuri.

Swali: Mimi ni mzee wa miaka 61, Morogoro. Nina presha miaka tisa. Nimeambiwa mtu wa presha hachomwi ganzi, moyo unasimama. Jino linanitesa. Na kweli miaka ya nyuma niliwahi kuchomwa moyo ukaenda mbio sana.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Mtu wa presha anachomwa ganzi, na anaihitaji kuliko sisi wengine. Kwenye ile dawa huwa tunachanganya adrenalini, ile homoni inayofanya moyo uende mbio ukishtuka, kidogo sana ili mishipa ya damu ibane, dawa isikimbie haraka na damu isimwagike nyingi. Kichupa kimoja chenye mchanganyiko wa 1 kwa 100,000 kina adrenalini miligramu 0.018. Mtu akiumia na kuogopa mwili wake unajimwagia adrenalini yake mwenyewe, kwahiyo kung'oa jino la mtu wa presha kwa ganzi hafifu ili "kumlinda" ni kumuweka kwenye hatari ile ile tuliyotaka kuikimbia. Ule moyo kwenda mbio miaka ile huenda ni adrenalini iliingia kwenye mshipa wa damu, au ni woga, inapita ndani ya dakika chache. Kwa kawaida hiyo sio aleji, aleji ya kweli ya lidokeini ni adimu mno.

Kwa mtu wa presha au moyo wengi tunaishia kwenye adrenalini miligramu 0.04, yaani kama vichupa viwili, tunachoma taratibu, na kabla ya kusukuma dawa tunavuta sindano nyuma kuona kama damu inaingia. Asubuhi hiyo meza dawa zako za presha kama kawaida, wengi wanaziacha sijui kwanini. Nenda nazo zote kwenye mfuko umuoneshe daktari, hasa kama kuna propranololi maana hiyo na adrenalini hazipatani vizuri. Akikupima akakuta 180 kwa 110 au zaidi atakurudisha kwa daktari wako wa presha kwanza, usikasirike mzee wangu, jino litang'olewa ikishuka.

Swali: Dokta mambo, eti ganzi ya meno ni kokeini? Jamaa hosteli kanibishia. Mwanachuo, Dodoma.

Jibu: Poa. Jamaa kachanganya historia. Kokeini ndiyo ilikuwa ya kwanza, mwaka 1884 Karl Koller kule Vienna aliitumia kwenye jicho, na muda si mrefu William Halsted kule Marekani akaichoma kwenye mshipa wa taya. Ikaharibu watu, Halsted mwenyewe akawa teja. Mwaka 1905 ikaja prokeini ya Alfred Einhorn wa Ujerumani, halafu Nils Löfgren wa Sweden akatengeneza lidokeini mwaka 1943, ikaingia sokoni 1948 na ndiyo unayochomwa mpaka leo. Haileti ulevi wala uteja. Yale majina yanafanana mwishoni tu.

Swali: Bibi yangu yuko Wete, jino likimuuma anaweka karafuu na hataki kusikia habari ya sindano. Inasaidia kweli au ni imani?

Jibu: Inasaidia, bibi hajakosea. Ndani ya karafuu kuna mafuta yanaitwa yujenoli, yanatia ganzi kweli. Ukiingia kliniki ya meno ukasikia harufu kama ya pilau ndiyo hiyo, tunaichanganya na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda. Shida ni mbili. Mafuta ya karafuu yakikaa kwenye fizi yanaiunguza, nimeona fizi nyeupe inabanduka kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Na ya pili, yanafika juu juu ya tundu tu, kidudu kinaendelea chini. Kwahiyo usiku mmoja, punje moja aiume kwa jino bovu, au pamba yenye tone moja tu iwekwe ndani ya tundu isiguse fizi, asimeze. Asubuhi mpelekeni. Akifika mwambieni daktari aweke kwanza ganzi ya kupaka juu ya fizi, fizi ikaushwe na pamba, aiache dakika moja mbili ndio achome, na achome polepole. Sindano ikisukumwa haraka ndiyo inayouma, polepole bibi ataisikia kama mchubuko.