Usiulize wati: jinsi ya kuchagua mashine ya kupolishi gari nyumbani

Kijana mmoja wa Makambako ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kununua mashine ya kupolishi gari langu mwenyewe, nimechoka na mafundi. Ninunue ya wati ngapi?" Nimeshamjibu. Ila swali hilo la wati ananiuliza karibu kila mtu anayeiona Harrier yangu siku hizi, kwa hiyo leo naliandika lote hapa. Watu wanapoteza hela, na kibaya zaidi wanapoteza rangi za magari yao.

Nianze na kilichoniingiza kwenye mambo haya, maana mpaka leo kinaniuma.

Harrier yangu ni nyeusi. Mwenye gari jeusi hapa Mbeya ananielewa. Kiangazi unarudi na vumbi la Chunya, masika unarudi na tope la Tukuyu, na kule tunakooshea magari kitambaa kilichofuta rimu ndicho hicho hicho kinachopanda kwenye boneti. Haupiti muda ukilisimamisha juani unaona mikwaruzo myembamba imelizunguka jua pale linapoakisi kwenye rangi, duara ndani ya duara. Nikalipeleka gereji moja hapa mjini lipigwe polishi. Fundi akachukua grainda, ile ya kukatia vyuma, akaifunga manyoya ya kondoo, akamwaga kompaundi, ile dawa nzito ya kukata mikwaruzo, na kuanza kusugua. Boneti ikang'aa pale pale. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

Kesho yake saa nne asubuhi, jua likiwa kali, nikaona boneti nzima ina mawimbi ya mwanga yanayohama ukisogeza kichwa. Na kwenye ukingo, juu ya taa ya kulia, rangi ilikuwa imeliwa mpaka praima ya kijivu, ile rangi ya chini kabisa, inachungulia, urefu wa kidole. Niliporudi gereji nikaambiwa gari lilikuja hivyo hivyo. Mbele ya watu. Gari nililoliagiza kwa jasho langu, nikalifuata mwenyewe bandarini.

Basi tuelewane kwanza kuhusu unene wa kitu tunachokisugua. Rangi yote ya gari kutoka kiwandani, kuanzia praima mpaka klia, lile tabaka la juu linaloonyesha kama kioo, mara nyingi ni kati ya maikroni 100 na 150. Klia peke yake ni kama 40 au 50. Karatasi moja ya kawaida ya kuchapishia ina maikroni 100 hivi. Maana yake klia yako ni nusu ya karatasi, na hiyo nusu ndiyo inayoilinda rangi na jua la huku kwetu milimani. Grainda ndogo inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Hata mashine halisi ya kupolishi ya kuzunguka moja kwa moja hufanyiwa kazi kwenye mizunguko kama 600 hadi 1,500, na bado inataka mkono wa fundi aliyeizoea. Ukisimama nayo mahali pamoja sekunde chache, joto linapanda na rangi inaondoka. Kwenye kingo ni mbaya zaidi, kwa sababu pale rangi ni nyembamba.

Mashine ya kununua kwa ajili ya nyumbani ni ile mafundi wanayoiita DA (dual action). Sahani yake, lile duara la mbele linaloshika sponji, inafanya mambo mawili kwa pamoja: inachezacheza kwa kuzunguka nje ya kitovu, na papo hapo inajizungukia yenyewe juu ya beringi iliyo huru. Mota haiishiki ile beringi kwa nguvu. Ukikandamiza kupita kiasi, sahani inaacha kuzunguka, unabaki mtikisiko tu. Watu wanalalamika kwamba mashine "inazima", kumbe huo ndio usalama wenyewe. Joto halikusanyiki mahali pamoja, na njia ya sponji haijirudii, kwa hiyo yale mawimbi ya mwanga hayatokei kirahisi. Zipo DA za gia ambazo sahani lazima izunguke hata ukikandamiza. Zinakata vizuri, ila zinatikisa mkono na zinapasha joto zaidi. Kama ndiyo unaanza, ziache.

Sasa, badala ya wati uliza mchezo. Mchezo ni upana wa duara ambalo sahani inalicheza kuzunguka kitovu, na unapimwa kwa milimita: 8, 15, 21. Rupes wa Italia ndio walioupa umaarufu mchezo mpana wa 21 kwa mashine zao za BigFoot, na kweli kwenye paa la Land Cruiser au mlango mpana unafanya kazi haraka. Lakini angalia magari tunayoendesha sisi: IST, Vitz, Rav4, Harrier, Forester. Yamejaa mikunjo, mabampa ya duara na milango iliyobonyea. Mchezo wa 21 kwenye mikunjo unazima kila mara. Wa 8 unaingia kila kona, ila kazi inakuwa ndefu mpaka unachoka na kuanza kulipua. Mimi nilichukua milimita 15 yenye sahani ya inchi 5 na sijajuta. Ukiuliza mimi, hiyo ndiyo mashine ya nyumbani.

Wati nazo? Kuanzia 500 hadi 900 zinatosha, basi.

Kitu ambacho kinawaunguzia watu hapa ni volti. Sisi umeme wetu ni 230. Mashine za soko la Marekani ni 120, na vifaa vilivyotumika kutoka Japani, vile tunavyovipata kwa bei nzuri, ni 100. Ukichomeka moja kwa moja, mota imekwenda. Soma kibati cha mashine kabla hujatoa hela, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Na ekstensheni iwe fupi na ya waya mnene. Waya mwembamba uliovutwa kutoka jikoni mpaka getini unapunguza nguvu, halafu unailaumu mashine.

Mashine ikishafika, chukua maka peni na uchore mstari mmoja kwenye ukingo wa sahani. Huo mstari ndio mwalimu wako. Ukiwa unafanya kazi uuone unapita unazunguka. Ukiuona umeganda, legeza mkono au nyoosha mashine, kwa sababu kwa wakati huo hukati mkwaruzo wowote.

Na usimalize hela zote kwenye mashine. Weka fungu la sponji. Kwa sahani ya inchi 5 tafuta sponji za inchi 5 na nusu, ili ukingo wa sahani usije ukagonga rangi. Sponji moja haimalizi gari, hilo naomba ulishike. Inalowa, inapata joto katikati, gundi inaachia, na ile kompaundi iliyojaa vumbi la rangi inaanza kukwaruza upya. Rangi za sponji zisikudanganye, kila kampuni ina mpangilio wake. Ibonyeze kwa kidole: ngumu inakata, laini inamalizia.

Nilianza na mlango wa nyuma, kipande cha sentimita 50 kwa 50, sponji laini na polishi nyepesi. Hapo ndipo pa kuanzia siku zote, kwa kitu cha upole kabisa. Kikishindwa ndipo unapanda. Matone manne ya polishi, unayasambaza kwa spidi ya chini, unapanda mpaka namba 4 au 5 ya spidi kwenye mashine, mkono unakwenda taratibu, kila mstari unafunika nusu ya uliotangulia. Sponji ilipotoka na weusi nikaenda kusoma kibati cha gari: rangi namba 202. Weusi huu wa Toyota unajulikana kwa ulaini, unakwaruzika ukiugusa tu. Nawe ukiona sponji inachukua rangi ya gari lako, jua unasugua rangi yenyewe, si klia, na uende kwa adabu.

Matokeo? Jirani yangu pale Forest aliniuliza nimepaka rangi wapi. Jamaa mmoja wa Tunduma akaja na Crown yake nyeupe akitaka nimfanyie kwa hela. Na yule fundi wa grainda ameshaniona barabarani, akaliangalia gari mpaka nikapita. Najivunia, na nina haki ya kujivunia.

Ndiyo maana nawaambia vijana wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe: acheni kumkabidhi mtu gari lenu eti kwa sababu ana ovaroli chafu na kelele nyingi. Muulize anatumia mashine gani. Muulize sponji ngapi. Akikasirika, ondoa gari. Mali ni yako, na kuuliza si dharau. Tumezoea kuona aibu mbele ya fundi, halafu tunalia nyumbani.

Na wewe unayetaka kufanya mwenyewe, usiguse gari ambalo halijaoshwa likatakata. Sabuni ya gari, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, kisha udongo maalumu wa kutolea chembe ambazo maji hayatoi. Fanya chini ya banda. Upepo wa mwezi wa tisa na wa kumi unaleta mchanga chini ya sponji, na juani polishi inakauka kabla haijafanya kazi. Mwezi wa sita na wa saba bati linakuwa la baridi mno asubuhi, subiri mpaka saa tano. Sahani ndogo ya inchi 3 ya kwenye nguzo za vioo utainunua baadaye hela ikipatikana. Utepe wa karatasi nunua siku ile ile ya mashine, na uubandike kwenye kila ukingo kabla hujawasha.