Usiwaambie watoto siku kiinua mgongo kinaingia

Juzi jioni nachambua maharage simu ikalia, meseji ndefu ya mwalimu mmoja wa huko Soroti, mashariki mwa Uganda yetu, ana miaka 57, anafundisha Kiingereza, anasema Madam nimebakiza miaka mitatu nistaafu na watoto wameshaanza kuuliza mambo ya pesa, nifanyeje? Nilicheka mpaka mjukuu akaja kuangalia kuna nini.

Dada, jibu fupi ni hilo hapo juu. Ukitaka lile refu, vuta kiti.

Mimi ni wa Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, nimekulia kwenye nyumba za reli, na pale jirani wa kulia ni Mteso, wa kushoto Mjapadhola, mbele Mluo wa Kenya, basi Kiswahili ndicho kilitulea sote. Wenzetu wa Kampala walikuwa wanakiita lugha ya wanajeshi na wezi na siwalaumu sana, enzi za Amin mtu aliyekugongea usiku alikuwa anakuamrisha kwa Kiswahili. Lakini 1979 Watanzania walipofika kwetu nilikuwa na miaka 16, na mama alinituma mimi niende kuongea nao pale walipofunga barabara, wakubwa wote wamejificha ndani. Wale askari walishangaa, mmoja akasema "huyu mtoto atakuwa mwalimu." Nikakuwa.

Miaka 34 ya chaki, nafundisha Kiswahili. Vipindi vyangu siku zote vilikuwa vya saa tisa mchana, watoto wanasinzia, na hedimasta mmoja alikuwa ananiita mwalimu wa polisi mbele ya wanafunzi. Mwaka 2005 katiba ikarekebishwa Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, kwa karatasi. 2020 mtaala mpya ukakifanya lazima S1 na S2, yaani kidato cha kwanza na cha pili, walimu wenyewe wa kutafuta kwa tochi. Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kiwe lazima shule za msingi na sekondari, jamani, mimi nimebakiza mwaka mmoja tu! Na mwaka huohuo mshahara wa walimu wa sayansi wenye digrii ukapandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, sisi wa lugha na masomo mengine ya sanaa tukagoma tukarudi darasani mikono mitupu. Mpaka leo nikikutana sokoni na mwenzangu wa fizikia yeye anachagua sangara mimi napimiwa mukene, vile vidagaa. Sijasamehe, nisidanganye.

Nikastaafu 2023, miaka 60 kamili. Faili langu lilikwama miezi saba kwenye ofisi moja nisiyoitaja kwa sababu barua ya ajira inasema nimezaliwa 1963 na kitambulisho cha taifa kinasema 1964, aliyeniandikisha aliandika alivyosikia yeye. Kwa hiyo dada, leo hii kabla hujalala toa hivyo vikaratasi viwili uvilinganishe, majina na tarehe.

Halafu pesa zikaingia, na mimi kwa furaha nikapiga vigelegele. Kijana wangu wa pili akasikia. Wiki hiyohiyo akaja na kilo mbili za nyama na soda, mtoto ambaye Krismasi alikuwa hatumi hata shilingi, akasema mama, taksi ya Tororo–Mbale inaingiza laki moja kila siku, tununue moja ya mtumba, wewe utakaa tu kama malkia. Nikampa. Nyingi. Mimi niliyesahihisha mitihani ya watu miaka yote hiyo sikuuliza hata swali moja. Mwezi wa kwanza alileta laki mbili, wa pili dereva alikamatwa, wa tatu giabox, na baada ya miezi tisa ikavutwa kwa kamba mpaka uani kwangu. Bado ipo. Kuku wanalala ndani, jogoo anapenda usukani.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba kile kiinua mgongo si zawadi. Ni theluthi ya pensheni yako mwenyewe ya miaka 15, wamekukatia wakakupa mbele. Nilimpa kijana chakula changu cha uzeeni halafu nikamshukuru kwa nyama!

Kilichoniokoa ni Kiswahili, hichohicho. Jirani anayeuza mahindi Malaba, pale mpakani, alichoka kupunjwa na Wakenya, akaniomba nimfundishe, akaleta wenzake, sasa wako 14, kila mmoja elfu 20 kwa mwezi kwa mobail mani, chini ya mwembe. Wakubwa kabisa, wengine wajukuu wanao. Kosa lao ni lile letu Waganda wote, "wewe nataka nini?" Nawaambia mama, ukisema hivyo umejiuliza mwenyewe, sema wewe U-NA-TAKA. Wiki iliyopita yule jirani alirudi kutoka Malaba anaruka, amebishana na mnunuzi kwa Kiswahili mpaka akaongezewa bei kwa kila gunia. Alinibebea mkungu wa matoke. Huo mkungu niliupiga picha.

Basi wamama wenzangu, tuambiane ukweli. Mtoto mwenye miaka 30 si mtoto. Ulimlipia ada, ulimnunulia godoro la bweni, imetosha. Usiwaambie tarehe. Usiwaambie kiasi. Wakiuliza, sema serikali bado, na kama unaogopa dhambi ya uongo nenda kaungame, padri atakuelewa kuliko benki. Na usiache kufundisha, hata kama ni watu watatu, hata kama ni bure mwezi wa kwanza, ukikaa tu ndani kila mtu atakuona una nafasi ya kubeba shida zake.

Nilitaka niongeze la SACCO lakini simu inaita, ni kijana yuleyule. Anasema amepata fundi wa ile taksi, wa bei rahisi, na yeye mwenyewe yuko njiani anakuja na nyama.